Mluzi Kwenye Kona ya Orval

Chama cha Kware cha Elmdorf kilikuwa na wanachama mia mbili na kumi na wanne, wote wamelipa ada, wote wana kofia yenye picha ya ndege, na kila mmoja, ukimuuliza, atakuapia kwamba hakuna kitu anachokipenda duniani kama kware. Siku ya karamu ya mwaka ukumbi ulikuwa hautoshi. Siku ya kazi alikuwa anatokea mtu mmoja, na mtu huyo ni Twila Koehn.

Twila alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa amesambaza barua za posta kwenye mashamba ya upande ule wa Kansas kwa miaka ishirini na tisa, akastaafu, na badala ya kutulia nyumbani kwake akajitwisha cheo cha mkuu wa makazi ya ndege katika chama. Msije mkadanganyika na cheo. Hakikuwa na mshahara wala kiti. Maana yake ilikuwa kwamba kila palipotakiwa kukatwa mti au kupandwa nyasi, yeye ndiye anayetuma ujumbe kwa watu mia mbili na kumi na watatu, kisha yeye ndiye anayekwenda.

Majibu yao alikuwa ameshayakariri. Huyu ana wageni. Yule mgongo unamsumbua. Wa tatu mbwa wake anazaa. Mwaka mmoja kuna bwana aliyemjibu kwamba hataweza kufika kwenye kazi ya kware kwa kuwa anajenga jiko la kuchomea nyama ya karamu ya kware. Twila aliusoma ujumbe ule mara mbili, akaiweka simu kwenye kiti cha pikapu, akawasha msumeno wa injini, na siku hiyo alikata miti mingi kuliko kawaida yake.

Karamu ilikuwa ni jambo jingine, jamani. Kule kulikuwa na mnada wa mbwa wadogo, bahati nasibu ya bunduki za marisau, mikate iliyojazwa nyama na kabichi, pai za aina nane, na mwishoni mashindano ya mluzi. Mshindani anasimama mbele na kumwigiza kware dume anavyoita jike majira ya kiangazi: sauti mbili, ya kwanza fupi, ya pili inaruka juu. Bingwa wa miaka sita mfululizo alikuwa mwenyekiti mwenyewe, Verlin Buller, muuza mbegu, bonge la mtu, asiye na ubaya hata chembe. Tangu awekewe jino la bandia la mbele, mluzi wake ulikuwa unaishia na kijipumzi cha ssss kama birika linalokaribia kuchemka. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu, na zawadi wanampa yeye.

Sasa kilichokuwa kinamkosesha Twila usingizi ni kona moja tu ya shamba, eka kumi na nane, mali ya Mzee Orval Schrag. Kwenye kona hiyo ndiko lilikobaki kundi la mwisho la kware katika eneo lote lile. Ndege kumi na wanne. Mahali pengine pote mtama na ngano vilikuwa vimepandwa mpaka kwenye mtaro wa barabara, na mluzi wa kware watu walikuwa wanausikia kwa Verlin tu, wakiwa na sahani mikononi.

Mzee Orval alikuwa na miaka themanini na minne, mjane. Marehemu mkewe, Hulda, alikuwa na mazoea ya kunywa kahawa barazani alfajiri ya Juni, na kware akipiga mluzi kutoka kwenye kona, Hulda anamjibu. Wanaitikiana hivyo mpaka kahawa inaisha. Mzee alipoacha kulima, mpwa wake aliiomba kona ile ailime yote. Orval hakumpa. Alimwita Twila, akamkalisha barazani, akamwambia neno lake, na hakukuwa na karatasi kwa sababu Orval si mtu wa kuandikishana.

"Maadamu kila Juni namsikia ndege wa Hulda, kona ni yako, fanya utakavyo. Juni nisiyomsikia, namwambia mpwa wangu alete plau."

Twila alitoa mkono, wakapeana.

Kazi aliyoifanya pale kwa majira manne ya baridi, peke yake, haielezeki kwa mtu ambaye hajawahi kubeba msumeno kwenye theluji. Kware halali mtini. Kundi zima hulala chini, wamejipanga duara, mikia ndani na vichwa nje, na juu yao panatakiwa pawe na miiba na matawi yaliyosongamana kiasi kwamba mwewe akiangalia anakata tamaa. Kwa hiyo Twila alikuwa anaikata miti ya ua yenye miiba na kuiacha ilale pale pale ilipoanguka, juu ya vichaka vya plamu za porini, mpaka yakawa marundo makubwa yasiyopenyeka. Kwa kware hayo ni mahekalu. Kwa watu wa Elmdorf ilikuwa fedheha.

Maana kule, mtu hupimwa kwa shamba lake. Mstari wa mtama ukipinda, Jumapili unazungumzwa kanisani. Ukiacha magugu kwenye ua, watu wanapunguza mwendo wa gari wayatazame. Twila alilijua hilo, na kila mkutano alilieleza: haya si uchafu, haya ndiyo nyumba ya ndege, msiyaguse. Lakini taarifa yake ilikuwa inawekwa mwisho, baada ya pai, wakati wanaume wameshaanza habari za mbwa. Verlin alikuwa akimsubiri amalize, anasema, "Ahsante dada Twila, kazi nzuri sana," na mkutano unafungwa. Asiyejua maana haambiwi maana, na hawa hata walikuwa hawasikilizi wakiambiwa.

Januari ya mwaka wa nne aliteleza kwenye barafu akiwa amebeba msumeno, akavunjika kifundo cha mguu. Daktari akamfunga plasta ngumu na kumkataza kutoka kwa wiki saba. Ulikuwa umebaki mstari mmoja tu wa miti upande wa kaskazini. Twila akaandika ujumbe kwa wanachama wote, mrefu, umeeleza kila kitu: naomba watu wanne, waikate miti, waiache ilale, wasiguse kingine chochote.

Hakujibiwa na mtu. Hata yule mwenye mgongo hakujibu.

Alikaa na mguu wake juu ya mto, akachukua daftari la wanachama, akawalaani mmoja mmoja kwa majina, kuanzia herufi ya kwanza. Alipofika kwa Verlin Buller alimlaani mara mbili.

Karamu ilikuwa mwishoni mwa Februari. Alikwenda kwa mkongojo, na alikwenda kwa shari, amejiandaa kusema. Hakupewa nafasi. Kabla hata pai hazijakatwa, Verlin alimwita mbele, akamwekea kiti, taa zikapunguzwa, na kwenye ukuta ikaanza filamu iliyopigwa kwa droni.

Ilikuwa kona ya Orval, imepigwa kutoka juu. Watu thelathini na mmoja. Twila aliwahesabu. Mwenye mgongo yumo. Mwenye jiko la nyama yumo, amevaa glavu. Wanawake wao wamo, wanagawa mikate na kahawa nyuma ya pikapu. Kumbe walinyamaza kusudi, wamshangaze. Kwa muda wa sekunde kumi hivi Twila alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Kansas, na akaanza kuwafutia laana zao.

Kisha likaingia tingatinga.

Likafuata la pili. Yakayasukuma yale marundo ya miaka minne, yakayakusanya katikati, na watu wakamwaga mafuta na kuwasha moto. Vichaka vya plamu viling'olewa na mizizi yake. Nyasi zilifyekwa mpaka udongo ukaonekana. Picha ya mwisho ilikuwa kona yote imefagiliwa, safi, tambarare, na madoa matatu meusi ya majivu, na watu thelathini na mmoja wamesimama wanapunga mikono. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Verlin akamkabidhi ubao wa heshima ulioandikwa jina lake, Mfanyakazi wa Kujitolea wa Mwaka, kisha akamwinamia sikioni.

"Tulijua yale marundo yanakutia aibu, dada. Miaka minne unakata, na huna wa kukusaidia kuyachoma. Tukasema safari hii hatukuachi."

Twila alimtazama. Macho ya Verlin yalikuwa yamejaa machozi ya upendo, na hilo ndilo lililomvunja nguvu zaidi. Mtu mbaya unamtukana ukapumua. Huyu utamtukana vipi?

"Ndege wako wapi, Verlin?"

"Ndege gani?"

Twila akachukua kipaza sauti. Alikuwa na hotuba ya kurasa mbili mfukoni. Alichoweza kukisema ni kimoja.

"Mmechoma nyumba," alisema. "Kware kumi na wanne, na mmewachomea nyumba mwezi wa baridi."

Akaacha ubao kwenye kiti, akashika mkongojo, akatoka. Alipopita meza za nyuma alisikia mtu akinong'ona kwamba shukrani ya punda ni mateke. Bunduki zilichezewa bahati nasibu kama kawaida na mbwa wakanadiwa. Ila mashindano ya mluzi, aliambiwa baadaye, mwaka huo bingwa hakushiriki.

Wiki ya kwanza ya Machi theluji ilianguka siku mbili mfululizo. Ilipokatika, Twila alikwenda kwenye kona, akachechemea kando ya ua. Karibu na nguzo moja alikuta manyoya yametapakaa kwenye theluji. Mbele kidogo manyoya mengine. Mwewe alikuwa amekaa juu ya waya, ameshiba, hata hakujisumbua kuruka. Twila alihesabu mahali sita, kisha akaona hakuna faida ya kuhesabu, akarudi garini na kukaa na mikono kwenye usukani.

Verlin alikwenda kwake mara tatu, hakufunguliwa mlango. Mara ya nne akapiga simu. Alisema amezisoma taarifa zake zote, za miaka yote, alizikuta kwenye kabati la chama hazijafunguliwa hata bahasha. Alikuwa anaongea polepole. Akauliza plamu zinachukua muda gani kuota tena. Twila akamwambia miaka mitatu, minne. Akauliza, je, na ndege? Twila akamwambia wanaweza kurudi kutoka bonde la mto, wakipata pa kukaa, na kona ikiwa bado ipo.

"Lakini haitakuwepo," alisema. "Juni Mzee Orval atasikiliza. Asiposikia, plau inaingia. Na mpwa wake hatahitaji hata kusafisha, mmeshamsafishia."

Akakata simu kabla Verlin hajaanza kulia.

Juni ikafika. Kuhesabu kware kuna utaratibu wake, na Twila aliufuata bila kukosea kila mwaka. Unasimama mahali pamoja jua linapochomoza, dakika tano, kimya, na kila dume unayemsikia unamwandika kwenye karatasi ya serikali. Asubuhi tatu. Sehemu yake ilikuwa kwenye geti, hatua kama hamsini kutoka barazani kwa Orval, na mzee alikuwa anakaa pale na vikombe viwili vya kahawa, kimoja chake na kimoja cha Hulda.

Asubuhi ya kwanza, sifuri. Asubuhi ya pili, sifuri.

"Bado?" aliuliza Orval.

"Bado, Mzee. Joto halijakolea."

Orval alimwaga kahawa ya kikombe cha pili kwenye majani, akaingia ndani.

Asubuhi ya tatu Twila alifika mapema, amekunja uso, hana matumaini hata ya kudanganyia mtoto. Kona ilikuwa imeota majani membamba ya kijani na magugu ya mtaroni, basi. Akaangalia saa yake. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu ilipoanza, kutoka upande wa mtaro ukaja mluzi: sauti mbili, ya kwanza fupi, ya pili ikaruka juu.

Penseli ilimponyoka. Barazani, Mzee Orval aliinuka kitini, jambo ambalo siku hizi lilikuwa linamchukua muda, akavua kofia yake na kuishika kifuani.

"Umemsikia, Twila?"

Mluzi ukaja mara ya pili, sasa kwa nguvu zaidi. Na mwisho wake ukasikika ssss.

Damu ilimpanda Twila kutoka miguuni. Kama angekuwa na msumeno mkononi sijui nini kingetokea. Alimwangalia Orval, aliyesimama na kofia yake kifuani na machozi yanamshuka waziwazi bila kuyafuta, na akajibu neno lililokuwa kweli tupu.

"Nimesikia, Mzee."

Akavuka geti na kwenda mpaka kwenye mtaro. Verlin Buller alikuwa amelala kifudifudi kwenye magugu yenye umande, kilo mia moja na ishirini za mwenyekiti, tope mpaka kidevuni, kupe anamtembea sikioni. Aliinua macho. Twila alitaka kupiga kelele zisikike mpaka makao makuu ya jimbo, lakini baraza lilikuwa karibu, kwa hiyo ilibidi hasira yote hiyo aitoe kwa kunong'ona.

"Nilifikiri," alianza Verlin.

"Najua ulifikiri. Hiyo ndiyo shida yenu."

"Sitaki shamba lilimwe kwa sababu yangu, dada. Lakini najua si haki kumdanganya Mzee. Ngoja nikamwambie mwenyewe."

Akajikusanya ainuke. Twila, kabla hajajua anafanya nini, alimkanyaga mgongoni kwa buti la mguu wake mzima.

"Lala."

Verlin akalala. Twila akateremsha karatasi ya serikali mbele ya pua yake, na penseli.

"Andika. Siku ya tatu, ndege waliosikika. Kwa mkono wako."

Verlin aliishika penseli kwa vidole vyenye tope, akaitazama ile nafasi muda mrefu, akaandika sifuri. Mkono wake ulikuwa mzito, na sifuri ikatoka imepinda.

"Na Mzee?" alinong'ona.

Maisha yake yote Twila hakuwahi kumdanganya mtu aliyepeana naye mkono, na sasa alikuwa anaanza akiwa na miaka sitini na mitatu, kwa ajili ya wapumbavu hawa. Plamu zilitaka miaka minne. Mzee alikuwa na themanini na minne. Hesabu hiyo hata mtoto angeifanya.

"Kesho uwe hapa kabla ya jua," alisema. "Na kesho kutwa. Kware haiti siku moja akanyamaza. Na kila Jumamosi, kuanzia hii, njoo na msumeno na miche ya plamu."

"Peke yangu?"

"Mimi nilikuja na nani?"

Miaka yote ile alikuwa akiomba mtu mmoja tu wa kujitolea. Mungu alikuwa amempa sasa, na kazi ya kwanza ya mtu huyo ilikuwa kujifanya ndege. Twila alitamani kucheka na hakuweza.

Ndipo kutoka barazani Mzee Orval akapaza sauti. Alisema ndege wa mwaka huu ana kama mafua, kuna mkwaruzo pale mwishoni, lakini hiyo haina neno, Hulda angemjibu hivyo hivyo. Halafu mzee yule, ambaye Twila hakuwahi kumsikia akipiga mluzi maishani, alikunja midomo yake mikavu na kujaribu. Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu. Mara ya pili ukatoka: sauti mbili, hafifu, ya pili imeshindwa kufika juu. Akabaki amesimama pale, ameinamisha sikio upande wa kona, anasubiri.

Verlin alimwangalia Twila kutoka kwenye tope, hajui afanye nini.

"Mjibu," alisema Twila, na akageuza uso upande wa barabara. "Mjibu, mjinga wewe."